Nani Anatoa Gredi? Saa Moja na Montecristo No. 4

Jamaa wa dukani aliniuliza kama ni ya zawadi. Nikamwambia hapana, ni yangu. Akaniangalia, akaangalia viatu vyangu, halafu akauliza tena polepole, kama mtu anayemsaidia mtoto kukumbuka: "Si ya bosi? Hata si ya mchumba?"

Hapana buda, ni yangu. Zote mbili.

Akazitoa kwenye kabati la kioo lenye unyevu wake maalum, akazifunga kwa upole ambao sijawahi kufanyiwa na daktari yeyote. Kwa bei ya hizo mbili ningekula chapo madondo kibandani mwezi mzima na hela ya chai ibaki. Nasema hivi mapema ili tusidanganyane. Makala haya yameandikwa na mtu ambaye hangepaswa kununua alichonunua.

Kamusi huiita biri. Nairobi sijasikia mtu akisema hivyo, lakini mimi nitasema, kwa sababu sigara ni kitu kingine kabisa, na hiyo tofauti ndiyo nusu ya makala. Nusu ya pili ni kwamba nimelelewa na tumbaku. Karo yangu ya shule ya msingi ilitoka kwa majani yaliyolimwa Kuria, kaunti ya Migori, yakakaushwa kwa moto nyuma ya nyumba yetu. Ila hadi juzi sikuwa nimewahi kuonja tumbaku yoyote. Nyumbani ilikuwa kazi. Hakuna aliyeniambia kwamba mahali fulani duniani ni starehe yenye msamiati wake.

Kabla ya moto

Montecristo No. 4 ni fupi: urefu wa milimita 129, unene wa karibu milimita 17. Ukiilaza kiganjani inatoshea vizuri, kama kalamu nono. Rangi yake ni ya mkate wa ngano ulioiva sawasawa, na ukipitisha kidole unahisi mafuta kidogo. Kwa miaka mingi imehesabiwa miongoni mwa biri za Kuba zinazouzwa zaidi duniani, kwa hivyo sikuchagua kitu adimu. Nilichagua ile ambayo watu wengi huanzia.

Nilivutwa pia na jina, na hapa wapenzi wa vitabu mnisikilize. Chapa hii ilianzishwa Havana mwaka 1935, na jina lake limetoka kwa riwaya ya Alexandre Dumas, *The Count of Monte Cristo*. Halikutolewa na mtu wa matangazo aliyekaa ofisini. Katika viwanda vya biri vya Kuba kuna kazi inayoitwa *lector*, msomaji. Watu mia mbili wameketi kwenye madawati wakisokota majani, na mmoja amepanda jukwaani anawasomea kwa sauti. Asubuhi magazeti, mchana riwaya. Desturi hiyo ilianza Havana mwaka 1865, katika kiwanda cha El Fígaro. Wasokotaji wenyewe ndio waliomlipa msomaji, kila mtu akitoa kidogo kwenye mshahara wake, na wenyewe ndio waliopiga kura kuchagua kitabu. Mwaka uliofuata tu serikali ya kikoloni ya Hispania ikapiga marufuku usomaji huo. Unajua mtawala ameogopa nini: si moshi, ni kwamba mtu anayefanya kazi kwa mikono amepata saa nane kwa siku za kufikiri. Marufuku hayakudumu. Usomaji ulirudi, na upo hadi leo.

Hadithi ya Dantès, yule baharia aliyefungwa bila kosa, ilipendwa sana na wasokotaji, ndipo ikaishia kwenye kisanduku. Nembo ni panga sita zilizopangwa kuwa pembetatu. Na Dumas mwenyewe? Nyanya yake mzaa baba alikuwa mwanamke mweusi aliyekuwa mtumwa katika koloni ambalo leo ni Haiti. Kwa hivyo kitu hiki kinachouzwa leo kama alama ya wenye pesa kimebeba jina lililopendwa na wafanyakazi, kutoka kwa mjukuu wa mtumwa. Hilo halimo kwenye kasha. Nilifikiri mtu anafaa aliandike.

Kuna hadithi nyingine ambayo utasimuliwa baada ya glasi mbili: eti biri za Kuba husokotwa kwenye mapaja ya wasichana. Ni uongo. Husokotwa mezani, juu ya ubao, kwa kisu kipana kilichopinda kama mwezi mchanga kinachoitwa *chaveta*. Wanaume na wanawake. Lakini ona jinsi uongo huo ulivyoishi muda mrefu. Mnunuzi anapenda mkono wa mwanamke uwe kwenye tumbaku yake, mradi usiwe mkono unaofanya kazi.

Thuluthi ya kwanza

Wanaohakiki biri huigawa mara tatu, kwa sababu ladha hubadilika kadiri moto unavyosogea. Nitafuata desturi hiyo, ni nzuri.

Niliivutia kwenye roshani ya rafiki yangu Kilimani, jua likizama. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 hairuhusu kuvuta hadharani, na sikutaka kufanyia tathmini kwenye kale kachumba ka wavutaji mjini. Nikakata ncha kwa kisu kikali, nikaizungusha juu ya mwali bila kuugusa hadi mguu wake ukawa mwekundu sawasawa. Biri haiwashwi kwa haraka. Ukiiwasha kama sigara inaungua upande mmoja na utahangaika nayo hadi mwisho.

Yangu ilihangaika hata hivyo. Baada ya dakika tano upande wa kushoto ulikuwa umetangulia, ikabidi niirekebishe kwa moto. Mvuto nao ulikuwa mgumu, kama kunywa uji mzito kwa mrija mwembamba. Hilo ni kosa la msokotaji: majani yamebanwa mno, hewa haipiti. Kwa pesa hizo ni kosa linalouma.

Ladha ya mwanzo, lakini, ilinishika. Hapo kwanza niliandika kwenye daftari: mwerezi, kakao, ngozi. Nikasoma tena nikajiuliza, mwerezi gani? Nimewahi kuulamba wapi? Nilikuwa nimenakili maneno ya watu. Nikayakata. Nikavuta tena, nikauacha moshi ukae mdomoni, nikautoa kidogo kupitia puani, na sasa nikaandika nilichokipata kweli: kahawa tungu ya Mombasa, ile ya kikombe kidogo. Njugu zilizokaangwa, zile za kufungwa kwa karatasi. Na ukoko wa ugali, ule uliobandukana na sufuria ukiwa umeungua kidogo tu.

Halafu nikangoja ladha moja ambayo nilikuwa na hakika itakuja, harufu ya bani letu. Haikuja.

Hili linahitaji maelezo. Tumbaku ya kwetu hukaushwa kwa moto. Unaning'iniza majani kwenye fito ndani ya bani, unawasha kuni nje, joto linapita kwenye mabomba, na kwa muda wa kama wiki moja, usiku na mchana, mtu lazima akeshe akiangalia moto. Ukizidi jani linaungua, ukipungua linaoza. Mzee alilala hapo nje usiku mwingi wa utoto wangu, nasi tukimpelekea mahindi ya kuchoma kwenye makaa yaleyale. Ule moto hulishika jani likiwa bado na sukari yake. Sukari hiyo hufanya moshi uwe laini kooni, na ndiyo maana sigara huvutwa hadi mapafuni.

Jani la biri haliharakishwi. Kule Pinar del Río, magharibi mwa Kuba, huning'inizwa kwenye ghala la mbao na kukaushwa na hewa tu, kama siku hamsini. Kisha majani hurundikwa yachachuke, yapashane joto yenyewe, yatoe ukali wake. Sukari karibu yote huisha. Moshi wake hauelekei mapafuni, ni mkali mno kooni, na hauna haja ya kufika huko, maana nikotini yake hupita moja kwa moja kwenye ngozi laini ya mdomo.

Shikilia hiyo sentensi. Nitairudia.

Thuluthi ya pili

Hapa ndipo biri ilipolipia nauli yake. Mvuto ukafunguka, moto ukanyooka wenyewe, na ule ukoko ukageuka kuwa kitu kitamu zaidi, kama kakao isiyo na sukari, na pilipili manga ikija nyuma ya ulimi baada ya moshi kuondoka. Jivu lilikuwa la kijivu, gumu, likakaa urefu wa kidole gumba bila kuanguka. Hiyo ni dalili ya majani marefu yaliyonyooshwa ndani badala ya makombo.

Ndani kuna aina tatu, na kazi zao hutegemea yalikochumwa kwenye mmea. Majani ya chini, *volado*, ni mepesi, kazi yake ni kuwaka. Ya katikati, *seco*, ndiyo harufu. Ya juu kabisa, *ligero*, yamepigwa na jua kuliko mengine yote, yakawa mazito na makali. Jani la nje, lile unaloliona, hulimwa mbali na haya, chini ya vitambaa vinavyokinga jua ili libaki jembamba na laini. Kwa hivyo msokotaji mzuri ni kama mpishi wa pilau. Viungo ni vilevile, tofauti ni mkono.

Nikiwa nimeridhika hivyo, rafiki yangu akauliza swali ambalo kila mtu huuliza: "Sasa unaipa ngapi?"

Mwaka 1992 jarida la Cigar Aficionado lilianza kuchapishwa Marekani, nalo hupima biri kwa alama za mia, mtindo uliozoeleka kwenye mvinyo. Siku hizi biri yoyote ya maana ina namba. Tisini na moja. Themanini na nane. Muuzaji anakutajia namba kabla hajataja bei. Na nikakumbuka kwamba mimi nimekulia chini ya namba.

Siku ya mauzo mzee alikuwa anaoga mapema, anavaa koti. Mizigo inapangwa mstari kwenye kituo cha ununuzi. Karani wa kampuni anapita, anachomoa jani moja au mawili, analigeuza, analinusa ama anajifanya kulinusa, anatamka herufi na namba. Mwenzake anaandika. Basi, imekwisha. Miezi mingi ya kitalu, kupandikiza, kupalilia, kuvunja maua, kuchuma, kukesha na moto, na imeamuliwa ndani ya sekunde kumi. Kutoka kwa hiyo namba wanatoa kwanza deni la mbegu, mbolea na dawa, zilizokopeshwa kwa bei waliyoipanga wao. Kinachobaki ndicho karo. Mwaka mmoja hakikubaki kitu. Mzee aliuliza, "Kwani jani langu lina shida gani?" Karani alikuwa ameshafika kwa mzigo wa jirani.

Sijawahi kumsamehe yule karani, na nadhani ndiyo maana nimekuwa mhakiki. Siongei kwa mzaha. Kutoa gredi ni mamlaka, na mtu mwenye mamlaka hayo ana deni moja tu: sababu. Sema jani lina shida gani. Sema sura ya tatu ya riwaya imekufa kwa nini. Mhakiki anayetoa namba bila sababu ni karani aliyepata tovuti.

Kwa hivyo nilimwambia rafiki yangu sina namba. Nina mvuto mgumu, moto uliopinda, na dakika ishirini za katikati ambazo ni kati ya ladha nzuri zaidi ambazo mdomo wangu umewahi kukutana nazo. Akasema hayo ni maneno mengi kwa kitu kinachoungua. Kweli.

Thuluthi ya mwisho

Wengi huacha hapa. Moshi huwa moto, lami hukusanyika, utamu unazama. Mimi nilitaka kumaliza kwa sababu nimelipia hadi ncha. Ubahili wa mkulima.

Ladha ikawa chungu, ya chai iliyosahauliwa jikoni. Halafu mwili ukaanza kuongea. Jasho jembamba kwenye paji la uso, ingawa upepo ulikuwa baridi. Mate yakajaa mdomoni. Taa za Ngong Road zikasogea kidogo, zikarudi. Nikaiweka biri chini, nikashika ukuta wa roshani kwa mikono miwili. Rafiki yangu akacheka, akasema nimelewa moshi, eti wageni wote hupitia hiyo, nikule kitu chenye sukari.

Sikucheka. Nilikuwa naijua hiyo hali, ila nilikuwa naijua kwa nje.

Mama alikuwa anachuma tumbaku asubuhi, kabla jua halijakausha umande, kwa sababu ndiyo saa ya kuchuma. Majani mabichi, yamelowa, anayabeba kwapani, kifuani, mikononi, bila glavu wala kitu chochote. Jioni za msimu huo alikuwa analala sakafuni kwenye simenti baridi, anatoka jasho, ndoo iko karibu na kichwa. Anatapika. Anasema nyumba inazunguka. Sisi watoto tulidhani ni malaria. Majirani walidhani ni mimba, kila mwaka mimba isiyozaa mtoto. Kesho yake asubuhi anarudi shambani.

Nimekuja kujua baadaye kwamba hali hiyo ina jina na inajulikana kila mahali tumbaku inapolimwa. Nikotini iliyo kwenye jani huyeyuka kwenye umande na kupenya ngozini. Ni sumu ileile. Ile niliyoinunua Westlands, ikafungwa kwa upole, nikaiingiza kupitia ngozi ya mdomo wangu kwa hiari. Mama aliipata kupitia mikono, bure, miaka kumi na moja.

Hakuna daftari la ladha lenye neno la hilo. Nimetafuta. Wanaandika kwamba thuluthi ya mwisho "ina nguvu." Ndiyo, ina nguvu.

Ya pili

Nilikuwa nimenunua mbili kwa sababu mhakiki makini huonja mara mbili. Badala yake nikapanda basi na ile ya pili, nikaipeleka nyumbani.

Wazazi hawalimi tumbaku tena. Waliacha taratibu, kama watu wengi wa huko. Miti ya kuni iliisha, deni halikuisha. Tangu 2022 kumekuwa na mradi wa serikali na mashirika ya Umoja wa Mataifa unaowasaidia wakulima wa Migori kuhamia maharage yenye madini mengi ya chuma. Nilimkuta mama kibarazani akichambua hayohayo maharage, ungo mapajani. Bani lipo, sasa ni la kuku.

Nikampa mzee biri. Hakuuliza bei, ashukuriwe Mungu. Aliipima kwa kiganja, akaiminya kidogo, akaiachia, akaangalia inavyorudi. Akainusa mguuni, akanyamaza.

"Mama," akaniambia, maana huniita hivyo tangu utoto, "naweza kuifungua?"

Nikafikiria bei. Nikasema fungua tu, baba.

Akapasua kwa ukucha wa kidole gumba na kuibandua jani baada ya jani, taratibu, akiyapanga kwenye ungo wa pili. Hakuwahi kusikia neno *ligero* maishani mwake. Akagusa moja: "Hili ni la chini. Jepesi." La pili: "Hili la katikati." La tatu akalishika kwa muda mrefu, akalinyoosha dhidi ya mwanga. "Hili la juu kabisa. Limekula jua. Na huyu mtu hakukimbilia moto." Akalamba kidole. "Hana moto kabisa. Ni upepo."

"Sasa unaipa gredi gani, mzee?"

"Namba moja."

"Kwa nini?"

Nilidhani atacheka. Badala yake alivuta kiti, akanieleza kwa karibu robo saa. Mishipa myembamba, kwa hivyo lilichumwa kwa wakati wake. Rangi moja kutoka shina hadi ncha, kwa hivyo halikulazimishwa. Linanyooka bila kuchanika, kwa hivyo unyevu wake ni sahihi. Mafuta yanabaki kidoleni, kwa hivyo udongo ulilishwa. Kasoro moja: msokotaji amebana mno hapa, ona, hewa ingepitia wapi? Nilikuwa sijamwambia chochote kuhusu mvuto.

Hakuwahi kupewa sababu hata moja kwa miaka yote ile, na alikuwa nazo zote.

Mama hakusogea. Harufu ilipomfikia aligeuza uso kidogo, akaendelea kuchambua. Baadaye sana, mzee ameshaenda kuangalia ng'ombe, akaniuliza kama ile ya kwanza niliivuta mwenyewe.

"Ndiyo, mama."

"Ukatapika?"

"Karibu."

Akatupa jiwe moja dogo kutoka kwenye maharage. "Basi sasa na wewe umeichuma."

Hukumu

Montecristo No. 4 ni biri nzuri yenye mwanzo mgumu, katikati iliyojaa, na mwisho ambao ni bora uuache. Kama utaivuta, simama inapobaki thuluthi moja, na usiivute tumbo likiwa tupu. Usidhani pia kwamba kutoivuta mapafuni kunakuokoa. Saratani ya mdomo na koo haijali adabu zako. Usikope maneno ya kuielezea, una ulimi wako. Na ukisimuliwa ile hadithi ya mapaja, uliza mikono ilikuwa wapi.

Gredi ameshatoa mzee, na sababu zake mmezisoma. Mimi sitanunua nyingine.